Mianzi ya nyumbani: mbolea ipi, lini, na kwa nini majani yasifagiliwe

Wiki hizi maswali ya mianzi yamejaa kwenye simu yangu kuliko hata ya nyanya, na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechukua matano. Yote isipokuwa moja yanahusu mianzi ya kichaka, ile inayokaa pamoja na kutanuka taratibu, sio ile inayotambaa chini kwa chini ikaibukia kwa jirani.

*Habari za kazi dada. Nina mianzi ile ya njano yenye mistari ya kijani, iko kando ya ukuta hapa Mbezi, huu mwaka wa nne. Mwanzoni ilikuja vizuri ila mwaka jana na mwaka huu inatoa vifimbo tu, vyembamba kama kidole gumba. Mwezi wa nane niliweka yurea kilo mbili, majani yakakolea kijani lakini mianzi haijanenepa. Niongeze? Maji nampa, na kijana wa bustani ni msafi sana, kila asubuhi anafagia chini yake na kuchoma.*

Nzuri mama. Usiongeze. Kwanza tuelewane kitu kimoja ambacho kinawasumbua wengi, mwanzi haunenepi. Mwanzi ni nyasi, unatoka ardhini na unene wake wote, unarefuka miezi miwili mitatu mpaka kimo chake halafu basi, hapo umeishia, hakuna mbolea duniani itakayouongezea upana. Unene unaamuliwa huko chini kabla hata haujachomoza, na chakula chake kinatoka kwenye tunguu la chini na kwa dada zake wakubwa waliosimama na majani yao juani. Kwa hiyo mbolea unayoweka leo hailishi mianzi unayoiona, inalisha ya mvua zijazo.

Ndo maana muda ni muhimu kuliko wingi. Huku pwani weka mwezi wa pili kabla ya masika, na tena mwezi wa tisa kuelekea vuli. Yurea uliyoimwaga juu ya udongo mkavu wa mwezi wa nane, sehemu kubwa imeondoka kama hewa, ile harufu kali inayochoma pua ndo pesa yako inaenda hivyo, na kidogo kilichobaki kimekwenda kwenye majani.

Sasa huyo kijana. Mwambie kwa upole kwamba ufagio uishie barazani. Mwanzi unavuta silika, yale madini ya mchanga, kutoka kwenye udongo na kuipeleka kwenye majani na ganda, ndo kitu kinachoufanya mwanzi uwe mgumu vile, na majani yakidondoka yakaoza palepale silika inarudi chini, potasiamu inarudi, kila kitu kinarudi. Ukifagia miaka minne umechukua miaka minne bila kurudisha, na ukichoma ndo kabisa, naitrojeni inaondoka na moshi. Pale kwangu kuna kichaka ambacho chini yake haujapita ufagio tangu nikipande, ukipenyeza vidole kwenye majani makavu vidole vinazama mpaka kwenye vifundo bila kutumia nguvu, udongo mweusi, una unyevu hata kwenye jua la mwezi wa kwanza, na mizizi myeupe myembamba kama uzi wa kushonea imepanda yenyewe kuingia kwenye majani yanayooza. Haijasubiri mtu.

Kwa hiyo fanya hivi. Madebe matatu ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, imwage kuzunguka kichaka, kuanzia mianzi ya pembeni kwenda nje kama hatua moja, usirundike katikati maana mizizi inayokula na vichipukizi vipya viko upande wa nje. Juu yake rudisha majani. Mvua ikishalowesha udongo, viganja viwili vya NPK 17:17:17, yaani mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa, na kimoja tena mvua zikifika katikati, inatosha. Kama una mbolea ya kuku, iache ioze miezi miwili mitatu kwanza, mbichi inaunguza. Halafu angalia usikate ovyo, kata ile mikongwe ya miaka minne iliyo ndani, ile ya mwaka mmoja na miwili iache, ndo inayozaa. Na ukishika vichipukizi vya aina hiyo vaa glavu, yale manyoya ya kahawia yanawasha vibaya mno.

*Sasa dada, niko Nairobi, Kilimani, fourth floor. Nina mianzi kwa poti tatu kubwa za plastiki hapo balkoni ndio majirani wasituone. Ncha za majani zinakauka na juu ya mchanga kuna kitu nyeupe kama chumvi. Nimekuwa nikiweka DAP kijiko moja kubwa kila wiki juu niliambiwa mianzi inapenda kula.*

Hiyo nyeupe ni chumvi kweli, ni mbolea iliyobaki maji yakikauka, na hizo ncha ndo zinakwambia mizizi imechoka. Mianzi inapenda kula lakini ya chini na ya chunguni ni maisha mawili tofauti. Ya chini ukizidisha mizizi inakimbilia pengine, ya chunguni haina pa kukimbilia, na wakati huohuo kila ukimwagilia chakula kinatoka kwa matundu ya chini. Kwa hiyo chungu kinataka kidogo kidogo, mara kwa mara. Tena DAP kwenye mfuko imeandikwa 18-46-0, yaani ina naitrojeni, fosforasi nyingi, na potasiamu hakuna kabisa, ni mbolea ya kupandia mahindi.

Kwangua hilo tabaka jeupe utupe. Peleka poti bafuni moja moja, mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri, mwagilia tena, rudia mpaka yapite maji mengi, kama mara tatu ya ujazo wa poti, na sahani ya chini mwaga usiache yarudi kunywewa. Kisha wiki sita usiweke kitu. Ukianza tena chukua NPK, pima kwa kizibo cha soda, vizibo viwili kwa poti ya lita 40 mara moja kwa mwezi, kwenye udongo uliolowa tayari. Ukiona mchana majani yamejikunja kama sigara hiyo ni kiu, mpe maji, na mmea wenye kiu usiuwekee mbolea kamwe.

Baada ya miaka miwili mitatu utaona maji yanapita pembeni tu na poti imevimba, hapo mbolea haisaidii tena. Itoe, chukua msumeno ukate katikati, nusu irudi na udongo mpya uliochanganywa na mboji, nusu nyingine mpe jirani.

*Assalaam alaykum. Mianzi yangu iko Unguja, sehemu za uwanda. Majani mapya yanatoka ya njano lakini mishipa inabaki kijani, ya zamani hayana tatizo. Nimetia jivu na samadi, naona inazidi.*

Waalaykum salaam. Umeangalia vizuri sana, ungeniambia tu njano nisingeweza kukujibu. Njano inayoanzia majani ya zamani, jani zima, ni njaa ya naitrojeni. Njano ya majani mapya yenye mishipa ya kijani ni chuma kimekosekana, na si kwamba hakimo, kimo, ila udongo wa huko uwandani ni wa matumbawe, una chokaa nyingi na chokaa inakifunga. Jivu linaongeza hali ileile ya chokaa, ndo maana inazidi, liache kabisa. Badala ya CAN, ile mbolea ya kukuzia yenye chokaa, tumia mbolea ya SA (salfeti ya amonia), inasogeza udongo upande wa uchachu, kiganja kimoja kwa kichaka wakati wa mvua. Tafuta mbolea ya kupulizia majani yenye chuma, puliza asubuhi mapema. Samadi endelea nayo, na juu yake panga makumbi ya nazi yaliyokaa mvuani, yanashika unyevu na yakioza yanasaidia. Itachukua misimu miwili mvumilie.

*Ule mwanzi wa bahati wa ofisini unaokaa kwenye maji, ninauwekea mbolea gani?*

Ule si mwanzi, ni Dracaena sanderiana, kwao ni Afrika ya Kati huko Kameruni. Badili maji kila wiki, yale ya bomba yaache yalale usiku mmoja kwanza, na tone moja la mbolea ya maji kila miezi miwili linatosha.

*Kamwene dada. Baba ametuachia vichaka vya ulanzi, mianzi ya kugema pombe, hapa Njombe. Zamani tulikuwa tunagema mpaka tunagawia watu, siku hizi mbeta (vyombo vya mwanzi vya kukingia) hazijai na mianzi imekuwa myembamba. Je nitie mbolea ya mahindi?*

Kamwene, na pole kwa baba. Mbolea ya mahindi unaweza kutia, kiganja cha CAN kwa kichaka mvua zikishakolea, usizidishe maana mwanzi uliolishwa naitrojeni nyingi unakuwa laini na upepo unaulaza. Samadi weka mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza. Lakini nikuulize, mnagema vichipukizi vyote? Ule utomvu unaotiririka kila mkikata ncha asubuhi na jioni ndo chakula ambacho kichaka kilikuwa kinamtumia mtoto wake, na mwanzi uliogemwa haukui ukatoa majani ya kulisha wenzake. Kama kila mwaka vinagemwa vyote, wakongwe wanazeeka na hakuna wa kuwapokea, samadi hata ya lori zima haitoshi. Msimu huu katika kila vichipukizi vitatu acha kimoja, chagua vile vinene vya upande wa nje, vifunge kitambaa chekundu mapema ili wagema wasiviguse, na kichaka kilichochoka kabisa kipumzike msimu mzima bila kisu.