Nisubiri maadhimisho mengine ndipo niuze kadi ya Hank Aaron?

SWALI: Shikamoo mjomba. Ninaishi Columbus, Ohio, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee mmoja amenipa kopo la biskuti lililojaa kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji. Mbili zimenishangaza: Hank Aaron ya kampuni ya Topps ya 1974, na Mickey Mantle ya 1952 inayong'aa kama imechapwa jana. Muuza kadi mmoja hapa anasema ya Aaron ilikuwa na bei mwaka 2024, rekodi yake ilipotimiza miaka 50, kwa hiyo nisubiri maadhimisho mengine. Nisubiri?
Mpwa wako, Columbus

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Kabla ya bei, watoto wa mzee wanajua kwamba amekupa? Waambie, na mwandikishane. Kazi yako huwa na masharti kuhusu zawadi, na sitaki kopo la biskuti likufukuzishe kazi.

Haya, Aaron. Mbele ya kadi hiyo ametangazwa mfalme mpya wa homurani, yaani mipira inayopigwa ikavuka ukuta wa uwanja. Topps waliandika hivyo kabla hajawa! Alimaliza msimu wa 1973 akiwa na 713, Babe Ruth, aliyekuwa na rekodi, akiwa na 714. Ya 715 aliipiga Atlanta tarehe 8 Aprili 1974, kadi ikiwa imeshachapwa. Ndiyo maana naipenda. Lakini zilichapwa tele, na watu walizitunza kwa sababu kila mtu alijua rekodi inavunjwa.

Mimi mwenyewe niliinunua moja Aprili 2024 kwenye maonyesho ya kadi, dola 60, pembe ya juu kushoto imelika kidogo. Watu walikuwa wamejaa, kila meza inamtaja Aaron. Oktoba nikaiona nyingine ya hali ileile kwa dola 35. Iliniuma sana, lakini nilielewa. Maadhimisho huleta wanunuzi, na huwaamsha wauzaji pia. Aliyesahau kadi zake chini ya kitanda anasikia jina redioni, anazitoa, meza zinafurika. Sherehe ikiisha wanunuzi wanatawanyika, kadi ziko palepale. Kwa hiyo usisubiri kitu. Kama unampenda Aaron, kaa nayo. Kama unahitaji pesa, iuze sasa.

Uadimu ni jambo jingine kabisa. Kadi ya Honus Wagner iliyotiwa kwenye pakiti za sigara kuanzia 1909 inajulikana kubaki kama 60 tu, kwa kuwa uchapaji wake ulisimamishwa mapema. Mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25, na hakuna aliyeuliza ni miaka mingapi tangu nini.

Hapo ndipo Mantle wako anaponinyima usingizi. Kadi yake ya 1952 ilikuwa kwenye toleo la mwisho la mwaka ule. Lilichelewa kufika, msimu wa besiboli ukiwa unaisha na watoto wameshahamia mpira wa Kimarekani, hivyo maduka hayakulitaka. Maboksi yakalala ghalani hadi 1960, ambapo Sy Berger wa Topps, kwa simulizi yake mwenyewe, aliyapakia kwenye tishari na kwenda kuyamwaga Atlantiki, nje ya pwani ya New Jersey. Agosti 2022 Mantle mmoja wa 1952 aliyekuwa katika hali nzuri mno alifika dola milioni 12.6 mnadani.

Usianze kupiga hesabu ya nyumba. Mwaka 1983 Topps walizichapa upya karibu kadi zote za 1952, na huko kung'aa kwako kunanitia shaka. Chukua rula. Kadi halisi ya 1952 ina urefu wa sentimita 9.5 na upana wa 6.7. Ya 1983 ni ndogo: 8.9 kwa 6.4. Iweke juu ya ile ya Aaron, ambayo nayo ni 8.9 kwa 6.4. Zikilingana ukingo kwa ukingo, unayo kumbukumbu nzuri ya kumpa mtoto.

Ipime leo usiku, mikono ikiwa mikavu. Ikitoka 9.5, ingiza kadi kwenye kifuko kigumu cha plastiki, usiifunge raba, na uniandikie kabla hujamwonyesha yule muuzaji.