Rafu isiguse ukuta, isiguse sakafu (kwa mama wa Mamboleo, Kisumu, kabla ya Jumamosi)

Mwambie fundi asikate hata ubao mmoja. Maswali uliyotuuliza hapa nimeyasoma yote: upange kwa gredi ama kwa somo, programu gani ya simu inafaa kuorodhesha, vitabu vingapi vinatosha kila mtoto. Ni maswali mazuri, lakini la hatari umelitaja mwishoni kama habari tu: eti Jumamosi fundi anaanza kukujengea rafu ya MDF kutoka sakafuni hadi dari, imeshikana na ukuta wa nje, ya vitabu 600, kwa watoto wa gredi ya 2, ya 5 na ya 8 unaowasomesha nyumbani. Mama, hapo unawajengea mchwa hoteli halafu unawapelekea chakula.

Mchwa wa huku kwetu hawapitii mlangoni. Kiota kiko udongoni, pengine mbali kabisa na nyumba, nao wanapandia ule ufa mwembamba ambapo sakafu ya zege inakutana na ukuta, ama pale bomba la maji lilipotoboa sakafu. Wanataka giza, unyevu na kitu chenye asili ya mti. Rafu iliyojengewa ukutani inawapa vyote vitatu mahali pamoja, tena kwa siri, kwa sababu kile kijia chao cha udongo, chenye upana wa penseli hivi, kinapita nyuma ya ubao ambako jicho lako halitafika mpaka siku ya kubomoa. Kitabu chenyewe wanakila kutoka nyuma na chini, jalada la mbele linabaki zima. Ukikitazama kimesimama vizuri na wenzake. Ukikivuta kinakuja chepesi, udongo unamwagika miguuni, na kamusi uliyokuwa ukiitegemea imeishia herufi M. Sisi watu wa magharibi tunakula kumbikumbi tangu utotoni, basi labda hawa wanalipiza kisasi kwa niaba ya jamaa zao.

Halafu MDF. Hiyo ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa pamoja na gundi. Ikilowa kidogo kwenye kingo inavimba, na ikishavimba hairudi. Chipibodi ndiyo mbaya zaidi. Watu hudhani rafu inapinda kwa sababu fundi alikuwa mzembe, kumbe ni hesabu tu: mita moja ya vitabu vilivyobanana ina uzito wa kilo 30 hivi, na ubao wa MDF wa milimita 18 ukivuka sentimita 60 bila nguzo unaanza kulegea katikati. Fundi wako amekupimia nafasi za sentimita 120. Ndani ya mwaka utakuwa na machela.

Tatizo la pili la ukuta wa nje ni ukungu, na hili watu wa Kisumu na Kakamega tungepaswa kulijua kuliko wote. Mvua yetu ya alasiri inapiga ukuta wa mawe ama bloku, ukuta unanyonya maji, usiku unapoa. Nyuma ya rafu hewa haitembei. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 siku nyingi mfululizo, ukungu unaota, na utaanzia rafu ya chini upande wa nyuma, mahali ambapo hakuna anayenusa. Zile picha za rafu za hadi dari ambazo kila mtu anashiriki zinatoka Marekani na Uingereza, kwenye nyumba zinazopashwa moto majira ya baridi mpaka hewa ya ndani inakauka midomo. Wanaozituma hawajawahi kulala hapa Kisumu, mtaa wa Nyalenda, mwezi wa Aprili.

Na hapa lazima niseme kuhusu mafundi. Kuna sentensi moja wanafundishana wote, sijui katika chuo gani: «Usijali, nimepaka dawa.» Yule aliyeniambia hivyo alikuwa amepaka oili chafu ya gari iliyochanganywa na dizeli. Hiyo inampa mchwa harufu mbaya kwa muda, inatia madoa kwenye vitabu milele, na watoto wanasoma wakiumwa kichwa. Ukimuuliza kwa nini rafu ishikane na ukuta atakwambia ndiyo inapendeza. Inapendeza, ndiyo, na yeye habaki hapo kuiona ikiliwa. Mwingine atakuletea mbao za rangi ya kijani zilizotiwa dawa ya nguzo za ua na kukuapia hazioziki. Ni kweli haziozi haraka, ila dawa hiyo mara nyingi ina arseniki. Ikae kwenye ua, isiingie chumba cha watoto. Dawa ya mchwa ya maana hutiwa udongoni kabla zege halijamwagwa. Nyumba ikishajengwa, kazi hiyo ni ya mtu mwenye leseni anayetoboa kando ya msingi na kuingiza dawa ardhini. Kupuliza kile kijia unachokiona ni kuua vibarua wachache huku malkia akiendelea kutaga mayai kiotani, chini ya ardhi.

Kwa hiyo narudia: isiguse ukuta, isiguse sakafu. Hivi ndivyo inavyofanyika.

Chagua ukuta wa ndani, na usiwe ule unaopakana na bafu ama jikoni penye sinki. Kabla ya kuamua, chukua karatasi ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50, uibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, uiache usiku mbili. Ukiikuta na matone upande ulioshika ukuta, ukuta huo unatoa maji, hama. Matone yakiwa upande wa chumba, shida ni hewa ya chumba chenyewe, na dirisha litasaidia.

Nenda kwa fundi wa vyuma, umwache yule wa mbao kwanza. Fremu iwe ya tyubu ya chuma ya mraba ya inchi moja, ipakwe redi oksaidi ya kuzuia kutu halafu rangi. Miguu iwe na urefu wa sentimita 15, kila mguu uchomewe kibati cha sentimita 5 kwa 5 chini ili usitoboe sakafu. Mbao za rafu ziwe za saipresi ya inchi moja, iliyokauka. Ukinunua saipresi iliyotoka msumenoni juzi, itapinda na itatoa maji yake ndani ya vitabu vyako, kwa hiyo ipange kivulini na vijiti katikati ya kila ubao, hewa ipite, miezi kadhaa, ama ulipe zaidi upate iliyokaushwa tayari. Urefu kati ya nguzo usivuke sentimita 80. Kina sentimita 25. Nafasi kutoka ubao hadi ubao sentimita 33, kwa sababu kitabu cha ukubwa wa A4 kina karibu sentimita 30 na vidole vya mtoto navyo vinataka mahali pa kuingia. Rafu tano zikipangwa hivyo juu ya miguu zinafika kama mita 1.8. Usiweke ubao wa nyuma. Weka vyuma viwili vyembamba vya mshazari vinavyokatana, hivyo vitazuia kuyumba na utaona ukuta wote kupitia katikati ya vitabu.

Hesabu ya vitabu 600: tuseme wastani wa unene ni sentimita 2, hiyo ni mita 12. Ongeza robo ya nafasi tupu, maana familia inayosomeshea nyumbani haijawahi kuacha kununua, unafika mita 15. Kila kabati la aina hii, rafu tano za sentimita 80, linabeba mita 4. Unahitaji makabati manne. Tengeneza mawili kwanza uone, pesa nyingine ikae.

Sasa, kabati lililojaa linabeba zaidi ya kilo 100 za vitabu, na huyo wa gredi ya 2 atalipanda. Usibishe, atalipanda. Likisimama bila kushikwa litamwangukia. Kwa hiyo lisiguse ukuta lakini lifungwe kwenye ukuta: mwambie fundi wa vyuma akunje vipande viwili vya chuma bapa, upande mmoja ushikwe na bolti juu ya fremu, upande mwingine uingie ukutani kwa skrubu na plagi yake ya ukutani, na kati ya fremu na ukuta ibaki nafasi ya sentimita 8. Plagi ipite plasta iingie kwenye jiwe lenyewe. Ikiishia kwenye plasta ni mapambo tu. Vitabu vizito, atlasi na kamusi, viwe chini, vya hadithi juu.

Ile nafasi ya sentimita 8 haimfukuzi mchwa. Anaweza kujenga kijia juu ya chuma pia. Kazi yake ni kumweka uchi, umwone. Kila Jumamosi mtoto mmoja apige tochi nyuma na chini ya miguu. Hilo nalo ni somo la sayansi, liandike kwenye ratiba. Kijia kikionekana, kivunje kipande kidogo katikati na usubiri siku mbili tatu. Kikizibwa tena, wako kazini, mwite mtu wa leseni. Kikibaki wazi, huenda ni cha zamani, lakini endelea kukichungulia.

Unyevu: nunua kipima unyevu kidogo cha betri, ukiweke katikati ya rafu. Fungua madirisha kuanzia saa nne asubuhi jua likiwa kali, funga kabla mawingu ya alasiri hayajashuka. Vitabu visisukumwe hadi mwisho wa ubao na visibanane. Kidole kiingie kati ya kila vitabu kumi hivi. Wale wa Nakuru mnaosoma hapa, nyinyi shida yenu kubwa ni vumbi na milango ya kioo inawafaa. Huku ziwani milango ya kioo inafungia unyevu ndani, msituige wala tusiwaige.

Na tafadhali, zile tembe nyeupe za kufukuza wadudu, naftalini, zisikaribie rafu ya watoto. Magharibi mwa Kenya, kwa sababu ya historia ndefu ya malaria, watoto wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, na naftalini inaweza kuwavunjia chembe hizo. Wadudu wa vitabu vya mitumba, vile vya soko la Kibuye, wauwe kwa baridi: kitabu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa, ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri ama chini zaidi, wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka kipate joto la chumba, la sivyo maji yatagandia kurasa.

Mpangilio, haraka: usipange kwa gredi. Januari kila mtoto anapanda na utahamisha rafu nzima, halafu atlasi ni ya wote watatu, utaiweka wapi? Panga kwa somo, bandika kibandiko cha rangi mgongoni, sentimita 3 kutoka chini. Ule mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba 000 hadi 999 waachie maktaba ya taifa pale mjini, wana watu wa kuajiriwa. Vitabu vya kuandikia ndani viwe mbali na vya kusoma: kama unatumia ACE, ule mtaala wa Kikristo wa vijitabu, ni vijitabu 12 kwa kila somo kwa mwaka, masomo 5, watoto 3, hivyo ni vijitabu 180 vyembamba ambavyo vitameza rafu yako. Vitie kwenye maboksi ya faili yaliyosimama, cha kutumika mwezi huu tu kiwe mkononi.

Hayo mengine uliyouliza wenzangu watakujibu. Wewe leo jioni, kabla hujalala, inua yale maboksi ya vitabu unayosema yako kwenye sakafu ya zege tangu mhame. Karatasi ngumu juu ya zege, gizani, haijasogezwa: huo ni mwaliko wenye jina lao. Weka mawe ama bloku nne kila pembe, ubao juu yake, maboksi juu ya ubao, mbali na ukuta upana wa kiganja. Na lile la chini kabisa ulifungue kwanza.