Jibu: Sampuli ya kujichukulia mwenyewe inaaminika?

Dada, umeuliza iwapo sampuli ya ukeni uliyojichukulia kwa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi inaaminika sawa na iliyochukuliwa na muuguzi. Kwa kipimo cha vinasaba vya HPV (kirusi kinachoweza kusababisha saratani hiyo), kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2021 kwa wanawake kuanzia miaka 30 (25 kwa wanaoishi na VVU), inakaribia sana, kwa kuwa kirusi hupatikana hata katika majimaji ya ukeni, hivyo kijiti chenye pamba hakilazimiki kugusa mlango wa kizazi. Majibu chanya, yaani kirusi kimeonekana, si saratani, lakini hapo ndipo itakubidi upande kitandani, upakwe siki kwenye mlango wa kizazi (ndiyo, siki, iliyozimuliwa kwa kipimo) na kuangaliwa. Kabla ya kuondoka kituoni, hakikisha wameandika namba ya simu unayoishika mwenyewe, ili majibu yakufikie wewe.