Mzazi wa wiki mbili, kichwa hakipoi

Ndugu yangu wa Faza, umesema mkeo ana wiki mbili tangu ajifungue, kichwa kinamgonga siku ya tano, kikizidi akilala au akikohoa, na macho yameanza ukungu. Usingoje kuche. Tafuta boti, mpeleke hospitali Lamu leo hii. Kombe, yaani maji ya aya za Kurani, si vibaya, lakini anywe njiani.

Baada ya uzazi damu huganda upesi. Donge likiziba vena zinazotoa damu ubongoni, shinikizo hupanda ndani ya fuvu. Ndiyo maana kulala kunamzidishia. Apimwe presha pia, maana kifafa cha mimba huja hata baada ya kujifungua.

Daktari umuulize kuhusu picha ya vena, kwani CT ya kawaida, ile picha ya kichwa ya mashine, yaweza kutoka safi. Dawa ipo, heparini, ya kuzuia damu kuganda, na wengi hupona. Akidegedega au mkono ukifa ganzi, msihesabu dakika.