Muulize mama yako nani alivuja damu jandoni

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kaniandikia, ana mimba ya miezi 6, anasema kaka yake alifia jandoni, damu iligoma kukata, nyumbani wakasema ni mkono wa mtu. Nimelia, maana hiyo ndo habari ya mjomba wangu kule Newala na mimi nimekuja kuambiwa nimeshazaa!

Mi nilijifungulia hapa Mtwara mjini, mtoto akakwama wakamvuta kwa ile mashine ya kichwani, akatoka na nundu, wakasema itanywea. Wiki ya 6 kachomwa chanjo ya paja, jioni nambadilisha nepi naona paja gumu kama embe bichi, limeiva zambarau, nikigusa tu analia mpaka sauti inakata. Nesi akaniambia mama uzazi wa kwanza una hofu nyingi, kamkande. Kauli ile inaniuma mpaka leo. Tukapanda basi mpaka Muhimbili, majibu yakasema hemofilia A, yani fakta 8 ya kugandisha damu ni pungufu.

Sasa wenzangu nisikilizeni. Ugonjwa huu mara nyingi unapita kwa mama, akiwa ameubeba basi kila mtoto wa kiume ni nusu kwa nusu kuupata, na wa kike nusu kwa nusu kuubeba. Kwa hiyo ulizia wajomba, ulizia watoto wa mama wadogo. Na wewe mwenyewe ukiwa umeubeba uko hatarini, mimba inapandisha fakta 8, ukishazaa inashuka, mimi damu ilirudi siku ya kumi niko nyumbani, khanga za mamkwe zote zililowa.

Sema kliniki mapema, usingoje uchungu. Mtoto asivutwe kwa mashine wala koleo, damu ya kitovu ipimwe, vitamini K, ile ya kusaidia damu kuganda, apewe ya mdomoni sio ya sindano mpaka majibu yatoke. Chanjo apate zote jamani, ila sindano iwe nyembamba na pabonyezwe dakika 5. Aspirini na diklofenaki asipewe. Na sema, usione aibu, sema!

Mama yangu alijua, alinyamaza sababu kumtaja kaka yake kunamliza. Sijamlaumu, ila iliniuma. Mwanangu ana miaka 6 sasa, kila likizo ya Juni wazee wanapiga simu kuulizia jando, nawajibu mpaka daktari wake wa damu aseme ndio.