Maswali yenu: Kijakazi, binti wa kifalme na mlango wa Pandharpur

Toleo lililopita tuligusia malenga wa kike wa Kihindu wa zama za kati. Haya ni baadhi ya maswali mliyoleta.

Janabai alikuwa mtumishi kweli?
Ndiyo. Alitumika Pandharpur, mji wa hija katika jimbo la Maharashtra, India, nyumbani kwa kina Namdev, malenga mwenzake, karne ya 13 kuelekea ya 14. Alikuwa Shudra, tabaka la chini. Katika tungo zake mungu Vitthal anasaga naye nafaka, anafagia, anaokota mavi ya ng'ombe ya kuwashia moto. Mungu wa kushika mavi! Sidhani makuhani walifurahi.

Nani aliyeusema ubaguzi waziwazi?
Malenga Soyrabai, na huyo ndiye nimpendaye zaidi. Yeye na mumewe Chokhamela, karne ya 14, walikuwa Mahar, watu ambao kuguswa nao tu kulihesabiwa unajisi. Hoja yake, kwa maneno yangu: mnasema mwili una najisi, lakini najisi hiyo imezaliwa humohumo mwilini, na pasipo hiyo hakuna kiumbe anayezaliwa. Sasa huyo aliye safi, alisafishwa na nini? Tazama alivyowabana. Hakuomba kuhurumiwa. Alichukua kanuni ya Mabrahmani, tabaka la makuhani, wenyewe akawarudishia, maana nao walibebwa tumboni kama yeye.

Mirabai alikuwa wa ukoo wa kifalme. Tabaka lilimhusu nini?
Mapokeo yanasema huyu Mrajput wa karne ya 16 alimfuata Ravidas, fundi wa ngozi wa tabaka la chini, kama mwalimu wake wa kiroho. Wanahistoria wanabishana. Hata kama ni kweli, Mirabai alikuwa na heshima ya kuitupa. Soyrabai hakuzaliwa nayo.

Kwa hiyo nyimbo zilivunja ubaguzi?
Hapana. Tungo za Chokhamela ziliimbwa na mahujaji, ilhali mwenyewe alizuiwa kuingia hekalu la Vitthal huko Pandharpur, na kaburi lake liko nje, chini ya ngazi za lango. Watu wa tabaka lake walifunguliwa hekalu la Pandharpur mwaka 1947, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kufunga kula. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa Mahar, aliwalaumu malenga hawa watakatifu kwamba walihubiri usawa mbele ya Mungu, si usawa wa mtu na mtu. Mwaka 1956 akahamia Ubuddha, na umati mkubwa nyuma yake. Lawama yake naikubali, ila Soyrabai ningemtoa humo.