Ile tisa nyekundu kwenye mpini wa Red9

SWALI: Shikamoo mzee. Huwa nacheza Resident Evil 4 kwenye banda la gemu hapa mtaani. Bastola ya Red9 inakula risasi zilezile za bastola nyingine, lakini adui anaanguka haraka zaidi. Je, hata ile ya kweli ina nguvu hivyo? Na hiyo 9 kwenye mpini ni ya nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo tisa, maana ndiyo yenye kisa.

Bastola hiyo ni Mauser C96 ya Ujerumani, iliyobuniwa kiwandani Oberndorf miaka ya 1890. Ilikuja na risasi yake yenyewe ya milimita 7.63: kichwa chembamba cha gramu 5.5 hivi, ganda la milimita 25 lililobanwa shingoni kama chupa, na kasi ya zaidi ya meta 400 kwa sekunde. Winston Churchill alipigana nayo Omdurman, Sudan, mwaka 1898, kwa sababu bega lake bovu lilimzuia kutumia upanga.

Vita Kuu ya Kwanza vilipopamba moto, Wajerumani wakapungukiwa bastola. Mwaka 1916 jeshi likaagiza Mauser 150,000, kwa sharti kwamba zitumie risasi ya milimita 9, ileile ya bastola ya Luger ambayo askari walikuwa nayo tayari. Hapo ndipo penye hatari. Ukiweka mezani Mauser ya 7.63 na ya 9, kwa macho ni mapacha, na mtu akikosea risasi katikati ya mapigano amekwisha. Basi wakachonga 9 kubwa kwenye mbao za mpini na kuitia rangi nyekundu. Mimi naiheshimu sana kazi hiyo. Hata gizani, kidole kinaipapasa ile michongo na kujua.

Kwa hiyo gemu halijakosea kuilisha risasi za kawaida. Ilipotia chumvi ni kwenye nguvu. Risasi ya milimita 9 ni ileile tu. Mtutu wa Mauser, wa milimita 140 hivi, unaiongezea kasi kidogo, basi. Tena kwa kasi, ile 7.63 ya zamani ndiyo iliyokuwa mbele, na hiyo haikuchongwa tisa.

Kitako kile unachouziwa kando, hicho kinunue bila kusita. Hata kwenye bastola halisi kilikuwepo, cha mbao, chenye uwazi ndani, na bastola ililala humohumo kama kwenye ala. Ukikiegemeza begani, mkono unatulia.

Kwenye gemu unaanza na risasi 8. Mauser ya askari ilibeba 10. Haikuwa na magazini ya kuchomoa: risasi zilikuja zimepangwa kwenye kibanio cha chuma, zikasukumwa ndani kwa dole gumba kutoka juu. Mtazame Leon, yule mhusika unayemchezesha, anapoijaza, utaona wameufuata utaratibu huohuo.